Kutoka Feri Hadi Kariakoo kwa Miguu

Mtu akija Dar es Salaam akaniuliza pa kuanzia kuutazama mji, humjibu aanzie Feri, alfajiri, mashua za wavuvi zinapoingia. Mji huu ulizaliwa majini. Anayeingia kwa njia ya Ubungo, akaja akashuka Posta akiwa amechoshwa na foleni, huuona mji kwa kisogo, na mtu humjui kwa kisogo chake.

Nimewatembeza wageni wengi kwa njia hii tangu nilipohamia hapa mwaka 1966. Njia yenyewe si ndefu. Mwenye miguu mizima huimaliza kwa muda usiotimia saa mbili asiposimama popote, lakini asiyesimama sijui amekuja kuona nini. Safari ninayotaka kuisimulia, hata hivyo, haikuwa ya matembezi. Septemba 2024 alikuja kwangu mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Matombo katika milima ya Uluguru, ametumwa na mama yake ambaye ni dada yangu mkubwa. Alinipigia hodi usiku, akala, akanawa, ndipo akautoa ujumbe: "Mjomba, mama amesema unionyeshe mahali alipofia babu, nichukue udongo nimpelekee."

Babu huyo, ndugu msomaji, alikuwa mjomba wa mama yetu. Sisi Waluguru ukoo huuhesabu kwa mama, kwa hiyo mtu huyo ndiye hasa babu yetu wa ukoo, kuliko hata yule aliyemzaa baba. Alichukuliwa mwaka 1917, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, akiwa kijana asiyeoa bado, na mama yetu alikuwa hajazaliwa. Nyumbani husemwa neno moja tu juu yake: alipotelea Kariakoo. Hakuna kaburi, wala hakuna aliyemlilia mbele ya maiti. Dada yangu sasa amepita miaka themanini. Ni Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini jambo hili aliachiwa na mama, na mama aliachiwa na mama yake, naye hakutaka kulipeleka kaburini likiwa halijatimizwa.

Nilimwitikia mpwa wangu, nikamwonyesha pa kulala, kisha nikakaa macho. Kulikuwa na jambo nililolijua kwa miaka mingi juu ya neno hilo "Kariakoo", nami sikuwahi kumwambia dada. Nilijua kuwa kesho yake, kabla hatujafika huko, ningelazimika kulisema.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Feri. Mnada ulikwisha kupamba moto. Vibua wamelazwa sakafuni kwa mafungu, changu kando, nguru mmoja mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza amewekwa juu ya meza, na dalali anapandisha bei kwa sauti iliyokauka. Soko hili la sasa lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Wajapani, lakini samaki wameuzwa ufukweni hapa tangu kale. Upande wa pili wa maji ni Kigamboni, na pantoni ilikuwa inakuja imejaa watu wima, mabegi vichwani, baiskeli katikati. Tangu Aprili 2016 kuna daraja la kuvukia huko Kurasini, lakini mwenye haraka ya kufika mjini bado hupanda pantoni.

Mpwa wangu, mtu wa milimani, aliutazama mlango wa bandari kwa muda. Ni mwembamba kuliko mtu anavyoufikiria, mfano wa mlango wa zizi, na ndani yake maji hupanuka na kutulia. Kwa sababu ya maji hayo Sultani Majid bin Said wa Unguja aliamua, mwanzoni mwa miaka ya 1860, kujenga mji mpya mahali hapa. Pwani ilikuwa na watu tayari: karibu kulikuwa na kijiji cha Mzizima, na Washomvi na Wazaramo walikuwa na makubaliano yao ya nani avue na nani alime. Majid alileta mafundi na watumwa, akajenga kwa mawe ya matumbawe, akauita mji wake Dar es Salaam. Wako wasemao maana yake ni nyumba ya amani, na wako washikiliao kuwa ni bandari ya salama. Mwenyewe hakuufaidi sana. Alifariki mwaka 1870, na nduguye Barghash aliyemrithi hakuupenda mji huo. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nyumba zilibomoka na miti ikaota ndani yake, mpaka kampuni ya Wajerumani ilipokuja kufungua kituo mwaka 1887. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo.

Kutoka Feri tulishika barabara ya Kivukoni, maji mkono wa kushoto. Ikulu tuliiacha nyuma yetu, hatua chache tu kutoka kwenye harufu ya samaki, jambo ambalo wageni hulishangaa. Nyumba ya gavana wa Kijerumani iliyokuwa hapo ilipigwa mizinga na manowari za Waingereza mwaka 1914, na hii ya sasa ilijengwa juu ya mabaki yake mwaka 1922. Barabara ya Kivukoni asubuhi ina utulivu siku hizi. Majengo yale ya Kijerumani yenye varanda pana na mapaa ya mteremko yalikuwa ofisi za serikali katika ujana wangu, na makarani walikuwa wakimiminika kutoka kwenye mabasi ya UDA saa moja na nusu asubuhi kama siafu. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, tukausikia kwa miaka zaidi ya arobaini kama mvua inayonguruma mbali, kisha mwaka 2016 ikanyesha kweli.

Kanisa la Azania Front linasimama pale barabara inapopinda, kuta nyeupe, vigae vyekundu, na mnara wake. Lilijengwa na wamisionari wa Kilutheri wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kumalizika mwaka 1902, mwaka uleule lilipomalizika kanisa kuu la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, umbali wa mwito tu. Zamani nahodha wa chombo aliyekuwa anaingia bandarini aliiona kwanza minara hiyo miwili. Leo yuko ndani ya bandari kabisa ndipo aione, maana nyuma na kando yake yamepanda maghorofa ya vioo ambayo kivuli chake jioni hufika majini. Sisemi kwa kununa. Mji wa bandari ambao haujengi ni mji unaokufa, na huu tayari ulikwisha kufa mara moja, baada ya Majid.

Tuliingia kanisa la Mtakatifu Yosefu kwa sababu mpwa wangu aliahidi kumwashia mama yake mshumaa. Halafu tukaenda mbele kidogo kwa barabara ya Sokoine, ambayo mimi niliikuta ikiitwa City Drive, mpaka Boma la Kale. Hili ni katika majengo machache ya wakati wa Majid yaliyobaki: lilijengwa mnamo 1867 kwa ajili ya wageni wake. Kuta ni nene hata ukiingia kutoka juani unahisi umevua shati. Dari limebebwa na boriti, mlango ni wa kuchongwa. Wajerumani walilitumia, Waingereza wakalitumia, nasi tukalitumia, kila mmoja akipaka rangi yake. Tangu 2017 ndani yake kuna kituo cha kuhifadhi kumbukumbu za majengo ya mji, na mtu aweza kutazama ramani na picha za kale. Mgeni asilipite.

Jirani yake ni nyumba iitwayo Atiman. Hapa nilimsimamisha mpwa wangu makusudi. Nyumba hii nayo ni ya wakati wa Majid, kisha ikawa ya Mapadri Weupe, na jina lake ni la Adrian Atiman. Huyu alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi, aliyetekwa akauzwa utumwani, mapadri wakamkomboa kaskazini huko jangwani, wakamsomesha, na hatimaye akajifunza uganga wa kizungu kisiwani Malta. Akatumwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akafika mwaka 1889, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Fikiri: mtu aliyeuzwa kama furushi, jina lake limeandikwa kwenye nyumba ya sultani.

"Kumbe wengine majina yao yaliandikwa," mpwa wangu akasema. Sikumjibu.

Kutoka hapo tulirudi nyuma kidogo, tukapanda mtaa wa Azikiwe hadi kwenye Sanamu ya Askari. Kila mtu aliyewahi kufika Dar es Salaam ameiona: katikati ya mzunguko wa magari, barabara ya Samora, askari wa shaba ameinama mbele kidogo, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Picha yake imechapwa kwenye kadi za posta zisizo na hesabu. Lakini ukiwauliza wapita njia kumi hapo kwamba huyo askari ni wa vita gani, tisa watakwambia vya Kagera au vya ukombozi.

Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha mjini sanamu ya Hermann von Wissmann, mtu wao aliyewapiga Abushiri na watu wa pwani mwaka 1889. Wissmann alisimama juu kwa majivuno, na chini yake askari Mwafrika akimfunika simba aliyekufa kwa bendera. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakaing'oa, wakaipeleka kwao. Baadaye Wajerumani waliipata tena, wakaisimika Hamburg mbele ya chuo kikuu, na huko wanafunzi waliiangusha kwa kamba katika miaka ya 1967 na 1968. Mimi nilipofika hapa bado kulikuwa na wazee wa mji waliokuwa wakipaita mahali hapo Bismini. Sanamu imebadilika, mtawala amebadilika, na jina la Wissmann limebaki midomoni mwa watu ambao hawakumpenda, limelegezwa mpaka likawa la Kiswahili.

Huyu askari wa shaba alizinduliwa mwaka 1927. Aliyemchonga ni James Alexander Stevenson, na maneno ya kwenye nguzo yaliandikwa na Rudyard Kipling, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Mpwa wangu aliyasoma yote polepole, kwa sauti ya darasani, magari yakitupigia honi. Maneno hayo huwakumbuka askari Waafrika, lakini huwakumbuka pia wapagazi, kuwa ndio waliokuwa viungo vya jeshi. Akazunguka nguzo, akatazama picha za shaba zilizo ubavuni, akarudi.

"Mjomba, wapagazi wametajwa. Lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki peke yake."

Ndivyo ilivyo. Nairobi, sanamu ya namna hiyo ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Hapa Dar es Salaam, mji ambao nusu yake ina jina la wapagazi, hawakumweka. Nilimweleza hesabu niliyoisoma. Vita ile katika nchi yetu haikuwa na magari ya kutosha, wala punda na ng'ombe hawakuweza, kwa sababu ya mbung'o. Kila risasi, kila gunia la unga na kila dawa ilikwenda kichwani mwa mtu, na huyo mtu naye alihitaji unga, ambao nao ulibebwa na mtu mwingine. Waingereza pekee walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja kutoka pande zote, na wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa ni zaidi ya 95,000, wengi wao kwa kuhara damu, homa na njaa, wachache kwa risasi. Wajerumani nao walichukua watu kwa nguvu, na wao hata hesabu hawakuiacha. Makaburi ya askari wa Kizungu yalitunzwa, kila mmoja na jiwe lake. Wapagazi hawakuwekewa mawe. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hilo na kuomba radhi. Miaka mia na zaidi ilikuwa imepita.

Basi tukashika Samora kwenda magharibi. Kwa mgeni wa kawaida hapa ndipo ningekawia. Barabara hii Wajerumani waliipanda mikakaya, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, mimi nikaikuta Independence Avenue, na baadaye ikachukua jina la Samora Machel. Ndani yake kwenye mitaa ya India, Jamhuri, Zanaki na Mosque ndiko Uhindini. Mgeni ainue macho juu ya vibao vya maduka. Atakuta ghorofa za miaka ya 1930 na 1940, zenye varanda za duara na nakshi za saruji, na juu kabisa mwaka wa ujenzi, na mara nyingine jina la mwenye nyumba. Wengi wa wenye majina hayo waliamka siku moja Aprili 1971 wakakuta si nyumba zao tena. Sheria ilikuwa imetaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mwenye jengo akawa mpangaji wa Msajili wa Majumba ndani ya ukuta aliousimamisha baba yake. Wengi walihama nchi. Mimi nilikuwa kijana wakati huo na nilishangilia, siwezi kusema uongo. Maana nilizikumbuka zile desturi za wakoloni, kwamba mji ugawanywe kwa sheria za ujenzi: Uzunguni nyumba za namna hii, Uhindini za namna ile, na Uswahilini zetu za miti na udongo. Lakini karani mwenzangu, Mhindi, tuliyekuwa tukinunua naye bajia moja tukigawana, alikuja kuniaga mwaka ule, nami sikujua nimwambie nini. Baba yake alikuwa na jengo moja tu.

Majumba ya sinema, Avalon, Empire, Empress, Odeon, hayo nayo yalikuwa huku. Vijana hawayajui. Tukapita.

Pale kwenye Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji, tulikunywa kahawa na kashata kwa mzee mmoja mwenye mabirika mawili. Halafu tukaingia mtaa wa Uhuru hadi Mnazi Mmoja. Uwanja huu wengi huupenda kwa miti yake na kwa Mwenge wa Uhuru, na kwa kweli mambo makubwa ya siasa yalifanyika jirani yake, maana ofisi ya TANU ilikuwa mtaa wa pili tu, uitwao sasa Lumumba. Ila asili ya uwazi huu si mapumziko. Wakoloni waliuacha wazi ili uwe mpaka kati ya Uhindini na Uswahilini, wakisema ni kwa ajili ya afya. Tuliketi kwenye kivuli. Mbele yetu, ng'ambo ya barabara, ilianza Kariakoo.

Hapo nikamwambia.

Nikamwambia kuwa jina Kariakoo si la mahali kwa asili. Ni maneno ya Kiingereza, jina la kikosi cha wapagazi, yaliyopita vinywani mwetu yakawa neno moja. Eneo hili lilikuwa shamba la Mjerumani, na Wajerumani walikuwa wamekusudia kuhamishia Waafrika hapa, hata jengo la soko wakalianza. Vita ikawakatiza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaweka hapa kambi ya kikosi hicho, na kambi ikaitwa kwa jina la kikosi, na mtaa ukaitwa kwa jina la kambi. Lakini mwaka 1917 mtu akisema Uluguru kwamba fulani ameingia Kariakoo, hakuwa anasema ameingia mtaa. Alikuwa anasema ameingia kikosi. Na kikosi kilikwenda kokote jeshi lilikokwenda: Rufiji, Kilwa, Lindi, Mahenge. Kwa hiyo babu "kupotelea Kariakoo" ni sawa na kusema amepotelea jeshini. Huenda hakuwahi kuliona jiji hili hata siku moja. Huenda mifupa yake iko Rufiji, ambako mvua za mwaka 1917 ziliwamaliza wapagazi kwa wingi, au katika pori lolote la kusini.

Nilimweleza pia kwa nini sikumwambia mama yake. Mambo haya niliyasoma katika miaka ya 1980, nikaona nikiyasema nitamnyang'anya mahali pekee alipokuwa napo. Kila alipokuja mjini alitaka nimpeleke Kariakoo, akasimama kidogo karibu na soko, macho chini, halafu akaenda kununua kanga. Mimi nilishika mkoba, nikanyamaza. Huo ndio ukweli wangu, na si mzuri.

Mpwa wangu alikuwa anachora mchangani kwa kijiti. Akasema, "Mjomba, mama anajua."

Kumbe bibi yetu aliwahi kumwambia mama, na mama akamwambia dada, kwamba mtu mmoja wa kijiji cha jirani alirudi baada ya vita akasema walikuwa pamoja, na kwamba babu aliachwa kando ya njia, tumbo likimuuma, huko mbele ya Kilwa. Mimi mtoto wa kiume niliyekuja mjini sikuambiwa. Au labda niliambiwa nikiwa mdogo nikasahau. "Mama alisema," akaendelea, "mjomba wako akikataa mwambie hivi: huko mbele ya Kilwa hatukujui, sisi tuliachiwa neno Kariakoo, basi lete udongo wa Kariakoo."

Tukavuka barabara.

Soko Kuu la Kariakoo lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake la zege ni kama miamvuli iliyopinduliwa ili ikinge mvua. Moto uliliunguza Julai 2021, na kazi ya kulirudishia uhai ikafuata. Pembeni yake mitaa imejaa bidhaa mpaka katikati ya njia, vitenge, simu, ndoo, viatu kwa rundo, na mikokoteni inayopiga kelele za "pisha! pisha!". Wale wasukuma mikokoteni na wabeba mizigo nilimwonyesha mpwa wangu bila kusema kitu, naye alikwisha kuwaona. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na baraza mbele, zilizokuwa ndiyo Kariakoo niliyoikuta, sasa ni za kutafutwa. Mahali pake kuna maghorofa yaliyobanana hata jua halifiki chini.

Nilimpeleka mtaa wa Narung'ombe. Watu hupita hapo kila siku kununua vitambaa wala hawajiulizi. Narung'ombe ni mahali kusini, kuelekea Kilwa ndani, palipopiganwa vita vikali Julai 1917. Tandamti, mtaa mwingine uleule wa Kariakoo, ni kilima huko Lindi palipopiganwa mwaka huohuo. Hivi ndivyo mtaa wa wapagazi ulivyohifadhi safari yao: katika vibao vya njia. Tulisimama chini ya kibao. Mwenye duka akatukaribisha tuingie ndani, bei ya jumla ipo.

Sasa udongo. Ndugu msomaji, jaribu kutafuta udongo Kariakoo. Kuna lami, kuna saruji, kuna vigae, kuna maji machafu. Tulizunguka karibu nusu saa. Mwishowe tukakuta mahali nyumba ya zamani imebomolewa na vijana wanachimba msingi wa ghorofa, shimo limefika kimo cha mtu, na chini kabisa mchanga mweupe wa pwani, safi, kana kwamba bahari iliondoka jana. Mpwa wangu aliwaamkia, akaomba kiganja kimoja. Fundi aliyekuwa shimoni akauliza wa nini. Akajibiwa wa kupandia ua. Akacheka, akajaza koleo zima, akatuambia tuongeze na mbolea. Tuliufunga katika leso aliyopewa na mama yake kwa kazi hiyo.

Kabla ya jioni nilimsindikiza stesheni ya reli mpya, si mbali na ile ya zamani ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1905, na ambayo mimi nilishukia mwaka 1966 nikiwa na sanduku la bati. Siku hizi kufika Morogoro ni chini ya saa mbili. Sikuruhusiwa kuingia ndani bila tiketi, tukaagana mlangoni.

Usiku akanipigia simu, amefika salama. Akanisimulia kuwa mizigo ilipopitishwa kwenye mashine, askari wa kike alimwita kando, akamwonyesha kile kifundo kwenye begi na kumwuliza ni kitu gani.

"Nikamwambia ni udongo. Akauliza, udongo wa nini? Nikamwambia, wa babu."

"Akasemaje?"

"Akanifungia begi mwenyewe, mjomba. Akasema pita."